Cherehani Ilijua Kwenda Mbele Tu

Wasee, kuna kitu kila mtu aliyekulia karibu na duka la nafaka anajua bila kufundishwa. Mdomo wa gunia umeshonwa kwa uzi mnene mweupe. Ukivuta upande usiofaa, uzi unajikaza mpaka unaitisha kisu. Ukipata upande wake, unavuta mara moja tu, krrrr, gunia lote liko wazi na uzi mzima umebaki mkononi kama haujawahi kushona kitu. Huo unaitwa mshono wa mnyororo. Uzi ni mmoja, kila kitanzi kimeshikwa na kitanzi kinachofuata, na kile cha mwisho hakijashikwa na chochote.

Sasa weka gunia kando, tuongee kuhusu kwilti. Kwa wale hawajui, kwilti ni blanketi la tabaka tatu: juu kuna viraka vilivyopangwa na kuunganishwa, katikati pamba, chini kitambaa kizima. Kinachozuia hizo tabaka zisiachane ni mishono inayopenya zote tatu, ukingo hadi ukingo. Mwisho wa kazi kingo zinanyooshwa kwa mkasi, halafu zinavishwa ukanda wa pindo pande zote nne.

Umeona shida iko wapi? Mkasi. Chukua kwilti ya mita mbili kwa mbili, yenye mstari wa mshono kila sentimita tano. Hiyo ni karibu mistari 40, na kila mstari una ncha mbili. Ongeza mistari ya kukatiza kwenda upande ule mwingine. Uko na ncha 160 za uzi, zote zimekatwa, zote ziko pale pale mkono unaposhika blanketi usiku mkilivutana.

Posti hii ni kuhusu hizo ncha. Historia ya cherehani tunayosimuliwa ni ya wanaume waliofanya sindano ikimbie. Kazi ya kuisimamisha, kuhakikisha uzi haurudi ulikotoka, iliachiwa watu wengine, wengi wao wanawake, na hakuna korti iliyowahi kukaa kuamua kazi hiyo ni ya nani.

Stori inaanza Ufaransa. Mwaka 1830 fundi mmoja wa nguo, Barthélemy Thimonnier, alipata hataza ya mashine iliyoshona kwa sindano yenye ndoano, na mshono wake ulikuwa ule ule wa gunia. Alifungua karakana Paris kushona sare za jeshi. Mwaka uliofuata mafundi wa mkono waliivamia wakavunja mashine karibu 80, kwa sababu waliona wazi chakula kinaondoka mezani. Mimi siwacheki. Ukiwa na watoto na sindano yako ndiyo kila kitu, hiyo mashine haina sura ya maendeleo.

New York, mwanzoni mwa miaka ya 1830, Walter Hunt alipata njia tofauti: nyuzi mbili. Sindano yenye tundu karibu na ncha inashusha uzi wa juu, uzi wa chini unapita ndani ya kitanzi, na zote mbili zinakabana katikati ya kitambaa. Huo ndio mshono ambao cherehani ya fundi wako wa mtaani inashona mpaka leo. Hunt hakuchukua hataza. Inasimuliwa kwamba binti yake alimwambia mashine hiyo ingewanyima wanawake washonaji riziki. Huyu huyu Hunt ndiye alibuni ile pini ya kufunga, tunayofungia nepi na sketi zilizokatika kifungo, na mwaka 1849 akauza haki zake kwa dola 400. Shika hiyo pini, tutakutana nayo tena.

Aliyechukua hataza ya mshono wa nyuzi mbili ni Elias Howe, tarehe 10 Septemba 1846. Isaac Singer akaja na mashine yake 1851, wakashtakiana, kampuni zingine zikaingia, na kufikia 1856 wakubwa wote wakakubaliana kuunganisha hataza zao na kugawana pesa. Soma hizo kesi zilihusu nini: sindano, kile chombo kinachobeba uzi wa chini, meno yanayosukuma kitambaa. Yaani kila kitu cha kufanya mshono unaofuata utokee.

Mshono wa nyuzi mbili ni mzuri, usinielewe vibaya. Ukiukata katikati, haufumuki wote kama gunia. Lakini watu huusifia kupita kiasi. Ndani yake hakuna fundo. Nyuzi zimepitiana na kubanana, basi, na kinachozishikilia ni msuguano. Ukikata mstari, hatua za mwisho zinaanza kulegea, moja, mbili, tatu, kidogo kidogo kila unapofua.

Na mashine haikuwa na msaada hapo. Cherehani nyingi za karne ya 19, na nyingi za mwanzo wa karne ya 20, hazikuwa na rivasi. Zilijua kwenda mbele tu. Mshonaji aliyetaka mwisho wa mstari ushike alikuwa na njia chache. Angegeuza kitambaa chote na kushona akirudi alikotoka, jambo ambalo kwa blanketi zima lililojaa pamba ni mieleka. Angepunguza urefu wa hatua mpaka sindano ikawa karibu inadunda mahali pamoja. Ama angeacha uzi mrefu, avute ule wa juu hadi upande wa nyuma, afunge fundo na ule wa chini, kisha kwa sindano ya mkono auzamishe ndani ya pamba usionekane. Fanya hivyo mara moja, sawa. Fanya mara 160 ndio utajua kwa nini wengine waliamua kwamba si kila ncha inahitaji heshima.

Tukumbuke pia mashine yenyewe ilikuwa mali. Zile za kwanza za nyumbani ziliuzwa kwa zaidi ya dola 100, pesa ambazo familia ya kawaida ya Marekani haikuwa nazo imekalia. Kampuni ya Singer mwaka 1856 ikaanza kuuza kwa malipo ya polepole: toa kidogo, beba nyumbani, endelea kulipa. Kwa hivyo wale mnaolipia simu mdogo mdogo, babu wa huo mpango ni cherehani. Na mtu aliyelipia kitu kwa miezi mingi anataka kionekane. Kuna kwilti za nusu ya pili ya karne hiyo ambazo mishono ya mashine imepitishwa juu kabisa, peupe, kama mtu anayeegesha gari lake jipya pale majirani hupita.

Hapo ndipo anaingia mtu ambaye mimi ningemweka kwenye vitabu vya shule. Harriet Powers alizaliwa utumwani mwaka 1837 karibu na Athens, jimbo la Georgia. Baada ya uhuru, yeye na mume wake walikuwa wakulima. Kwilti zake mbili ndizo zinajulikana kuwepo leo, na zote zina mishono ya mkono na ya mashine pamoja. Moja ina paneli 11 za hadithi za Biblia. Ya pili ina paneli 15, na huko ameweka Biblia pamoja na habari za anga na hali ya hewa: ile siku ya mwaka 1780 jua lilipofichika mchana, na usiku wa Novemba 1833 nyota zilipoanguka kama mvua, miaka minne kabla yeye azaliwe. Yaani huyu mama alikuwa anaandika historia kwa kitambaa.

Mwaka 1886 alionyesha ile ya kwanza kwenye maonyesho ya pamba Athens. Mwalimu wa sanaa aliyeitwa Jennie Smith akaiona, akamtafuta, akataka kuinunua. Powers akakataa. Miaka kadhaa baadaye hali ilipokuwa ngumu alituma habari kwamba sasa anauza. Kulingana na maelezo aliyoacha Smith, Powers alifika kwa mkokoteni wa ng'ombe akiwa ameipakata, imefungwa ndani ya mfuko safi wa unga, na huo mfuko uko ndani ya gunia. Alitaka dola 10. Smith akasema ana 5. Mume akamshauri achukue. Alichukua, lakini alirudi mara kadhaa baadaye kuitembelea tu, kuiona.

Leo hiyo kwilti iko kwenye makumbusho ya Smithsonian, Washington, na ile ya pili iko Boston. Ukisoma watu wakiijadili, wataongea kuhusu picha, imani, na asili ya Kiafrika ya zile sanamu za vitambaa, na wako sawa. Lakini kwanza ilibidi kitambaa chenyewe kiishi. Mashine ilimsaidia Powers kwenda haraka. Kuamua mstari unaishia wapi na uzi unafungwaje ilikuwa ni juu yake.

Baadaye upepo ukageuka. Cherehani ikawa rahisi, ikaingia karibu kila nyumba, na mara ikakosa hadhi. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 kwilti ya kweli ikawa ile iliyotiwa mishono kwa mkono, na iliyopitishwa mashine ikahesabiwa kama njia ya mkato. Mnajua hii tabia. Kitu kikiwa ghali ni ustadi, kikishuka bei kinaitwa kudanganya.

Na hapa kuna kisa ambacho mimi hukipenda sana kwa sababu kinaharibu hiyo hoja yote. Mwaka 1933 kulikuwa na maonyesho makubwa ya dunia Chicago, na kampuni ya Sears ikaandaa shindano la kwilti. Ziliingia zaidi ya 24,000. Katikati ya njaa ya ule mdororo wa uchumi, zawadi ya kwanza ilikuwa dola 1,000, na masharti yalisema kazi iwe ya mshindani mwenyewe. Alishinda Margaret Rogers Caden wa Lexington, Kentucky, kwa kwilti yenye mishono ya mkono iliyosifiwa na kila jaji. Miongo mingi baadaye ikajulikana kwamba Caden hakushona hata hatua moja. Alikuwa amewalipa wanawake wengine kufanya kazi, na wao, kwa vile walihitaji riziki, walinyamaza. Hawakupewa chochote kutoka kwa ile zawadi. Kwilti yenyewe ilipewa Eleanor Roosevelt, na haijulikani iko wapi.

Kwa hivyo wakati watu walikuwa wanabishana kama mashine ni udanganyifu, udanganyifu mkubwa kuliko wote ulipita mbele ya macho yao ukiwa umeshonwa kwa mkono. Swali la mkono ama mashine halikuwa linashika kitu. Lilikuwa linawapa watu kitu cha kujivunia bila kuuliza nani alifanya kazi na kama itadumu.

Miaka ya 1980 ndiyo mambo yalianza kubadilika. Harriet Hargrave, mwalimu kutoka Colorado, alikuwa anafundisha kwamba mashine ya kawaida ya nyumbani inaweza kutoa kazi ya kurithiwa, na akaandika kitabu kuhusu hilo. Alitumia uzi wa nailoni usioonekana kwa juu, na hapo ncha zikawa habari kubwa tena, kwa sababu nailoni huteleza. Pamba ina vinyuzi, inashikana kidogo yenyewe. Nailoni usipoifunga, inatoka kama samaki.

Halafu 1989, Paducah, Kentucky, jimbo lile lile la Caden, Caryl Bryer Fallert akashinda zawadi kuu ya maonyesho ya chama cha kwilti cha Marekani kwa kazi iliyoshonwa yote kwa mashine, picha ya jua wakati wa kupatwa, inaitwa Corona II. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kazi ya mashine kuchukua zawadi hiyo. Kulikuwa na kelele. Wengine waliona mlango umevunjwa. Kwilti hiyo bado iko Paducah, kwenye makumbusho.

Baada ya hapo ndipo mambo ambayo kila mshonaji alikuwa anajifanyia kimya kimya yakaanza kufundishwa darasani kama somo. Na enyewe yanastahili somo, acha nieleze vile kazi inaenda.

Kwanza tabaka tatu zinashikanishwa kwa muda, na wengi hutumia zile pini za Walter Hunt, mamia yake. Mashine inaanzia katikati ikielekea nje, ili mikunjo isukumwe kwenda kingo. Mistari inapita ukingo na kuingia kwenye pamba ya ziada. Watu wengi husimama hapo, wananyoosha kwa mkasi, wanashona pindo, wamemaliza. Wale waangalifu wanaongeza hatua moja. Wanachora mahali kingo itakuwa, kisha wanashona mstari mmoja kuzunguka kwilti yote, kama milimita tatu ndani ya huo mchoro, polepole, kwa mguu wa mashine unaosukuma kitambaa cha juu na cha chini kwa mwendo mmoja. Ndipo mkasi unakata. Pindo likija, linashonwa milimita sita kutoka ukingoni, na ule mstari wa kwanza unafichika chini yake milele.

Kuna wanaosema huo mstari ni kazi bure, kwa sababu mshono wa pindo nao unakatiza kila mstari wa kwilti na kuubana. Ni kweli unabana. Lakini mimi sikubali kwamba unatosha, na sababu ni za kawaida tu. Kati ya mkasi na pindo kuna muda, na huo muda blanketi linageuzwa, linavutwa, linaning'inia kwenye meza kwa uzito wake wote. Ncha zinalegea kabla pindo halijafika. Kingo zilizokatwa pia hunyooka kama lastiki, na ukivisha pindo juu ya ukingo uliovutika unapata blanketi lenye mawimbi ambalo halitalala sawa kitandani hata ulipige pasi namna gani.

Sababu ya tatu ni ya miaka mingi mbele. Pindo ndilo hufa kwanza. Ndilo linaguswa na kidevu, ndilo linavutwa, ndilo linasugua mbao za kitanda. Kwilti inayotumika sana hubadilishwa pindo wakati katikati bado iko imara. Siku hiyo mtu anafumua pindo la zamani. Kama kilichobana zile ncha 160 kilikuwa ni mshono wa pindo pekee, zote ziko huru tena. Kama kuna ule mstari wa milimita tatu, pindo linatoka, jipya linaingia, na ndani hakuna kilichojua kwamba kulikuwa na shughuli. Aliyeushona huenda hayuko tena, na anayefumua pindo hamjui.

Kwa hapa kwetu, wengi wenu hamna kwilti ya shosho kwenye sanduku, najua. Lakini hebu angalia kitambaa cha godoro lenu, ile sehemu iliyotiwa maua kwa uzi. Kiwandani mara nyingi hiyo hushonwa na mashine ya sindano nyingi kwa mpigo, na mshono wake mara nyingi ni ule wa mnyororo. Ikikatika pahali, uzi unatembea. Ukienda Gikomba kutafuta shuka nzito za mtumba, usianzie kwa rangi. Kunja kona, angalia pale pindo linakutana na mistari, vuta kidogo. Ukiona uzi unafuata kidole chako, shukuru na uendelee kutembea.

Na kuna leso. Leso hutoka dukani zikiwa jozi, mbili kwenye kitambaa kimoja. Pande ndefu zimefungwa na kiwanda tangu kitambaa kikifumwa, hazina neno. Pande fupi ndizo hukatwa, na siku hiyo hiyo zinaanza kutoa nyuzi. Ndio maana Mombasa utaona mtu ametoka duka la leso akaenda moja kwa moja kwa fundi aliyeketi barazani na cherehani ya kukanyaga. Fundi anakata katikati, anakunja ukingo mara mbili, anashona, anafika mwisho, anageuza kitambaa, anarudi hatua tatu, anakata uzi. Inachukua dakika chache, na hiyo bei ya kukunja ndiyo mteja huanza kubishana nayo.